Maziwa Yaliyoganda: Habari za Magari Yazamayo na Lawama Ziyaandamazo

Ndugu walimu, makala haya yalizaliwa darasani, tena yalizaliwa kwa kicheko. Nilikuwa nimewaandikia wanafunzi wa mwaka wa tatu habari fupi ubaoni kwa ajili ya zoezi la ufahamu, na sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, watu huendesha magari yao juu ya maziwa yaliyoganda. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi wa ndagala, akanyosha mkono akauliza kwa adabu zote: "Mwalimu, mtindi huo hugandishwa vipi hata uweze kuchukua gari?" Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Hakukosea kijana yule. Katika lugha yetu maziwa ni wingi wa ziwa, na maziwa pia ni yale anywayo mtoto. Na kitenzi ganda chafaa huku na huku, kama kifaavyo kwa damu na kwa mafuta ya ng'ombe. Nilipokwisha kuwaeleza kwamba nilikusudia ziwa la maji, ziwa kama lile waliloliona dirishani, kikaja kicheko cha pili. Hicho hakikuhusu lugha tena, bali kiliwahusu wale watu. Mmoja akasema wana wazimu. Mwingine akauliza ni nani aliyewatuma. Msichana mpole, ambaye kwa kawaida hasemi neno, akasema kwamba gari likizama mwenyewe asisaidiwe, kwa kuwa amejitakia. Kicheko hicho cha pili kimenifuata nyumbani, na ndicho kilichonifanya niitafute historia ya jambo hili. Nimeona kwamba hukumu kama ile ya msichana wangu hutolewa hata na watu wazima wenye vyeo, na hutolewa hata na jirani wa ziwa lenyewe.

Tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yetu. Barafu ni neno la Kiajemi, na huko asili yake ni ile nyeupe iangukayo kutoka mawinguni. Wahindi wanalo pia kwa maana zote mbili. Theluji imetoka kwa Waarabu. Kamusi zetu za zamani zina jalidi na sakitu pia, maneno ambayo mwanafunzi wa leo hayajui isipokuwa awe msomaji wa Biblia. Maneno yote hayo yalitufikia kwa jahazi na kwa vitabu, wala hakuna hata moja lililotungwa na mtu aliyesimama juu ya maji yaliyoganda akihofia uhai wake. Haifai basi kumlaumu mwanafunzi akifikiri kwamba ziwa likiganda huwa jiwe moja mpaka chini.

Ziwa haligandi hivyo. Maji yana tabia ya pekee: uzito wake hufikia kilele yakiwa na joto la nyuzi 4 hivi za selsiasi, na yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi. Kwa hiyo maji yaliyo baridi kabisa hubaki juu, nayo ndiyo yagandayo kwanza. Ziwa huvaa kifuniko tu, na chini ya kifuniko samaki wanaendelea na maisha yao. Kifuniko hicho hakibebi mzigo kama sakafu ya saruji ibebavyo. Kimeegemea maji, na mzigo ukipita juu yake hubonyea kama ubao mrefu uliotupwa juu ya matope. Mwaka 1971 mtaalamu wa Kanada, Lorne Gold, alichapa uchunguzi wake juu ya matumizi ya barafu kwa usafiri, akaonyesha kwamba nguvu ya barafu hufuata mraba wa unene wake. Maana yake ni kwamba barafu yenye unene wa sentimita 20 huchukua mara nne ya ile ya sentimita 10. Hesabu hiyo ikigeuzwa ni ya kutisha: mtu aliyedhani barafu ina sentimita 30, kumbe ina 15, hakukosea nusu, amekosea robo tatu ya nguvu yote aliyoitegemea.

Idara ya maliasili ya Minnesota huwashauri watu wangoje sentimita 10 hivi kwa mtu aendaye kwa miguu, na zaidi ya 30 kwa gari la aina ya pikapu, nayo iwe barafu mpya iliyo angavu. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nusu tu ya nguvu hiyo. Tena unene haulingani mahali pote. Penye chemchemi, penye mkondo, au palipofunikwa na theluji kama blanketi, barafu huwa nyembamba, na kwa macho haitambulikani.

Hadithi ya wazito kumezwa na ziwa ni ya kale kuliko magari. Tarehe 5 Aprili 1242 Warusi wa Novgorod, chini ya Aleksandr Nevsky, walipigana na mashujaa wa Kijerumani na wenzao kwenye Ziwa Peipus. Watu wengi wanajua, au hudhani wanajua, kwamba barafu ilipasuka na wapanda farasi wale wenye mavazi ya chuma wakazama. Lakini wanahistoria wana shaka kubwa. Masimulizi ya kishairi ya upande wa Wajerumani, yaliyoandikwa miongo michache baadaye, yasema waliouawa waliangukia majanini. Picha tuliyo nayo vichwani imetoka zaidi kwa Sergei Eisenstein, ambaye filamu yake ya mwaka 1938 iliwaonyesha wakizama wote na ngao zao. Tena ilipigwa wakati wa kiangazi, kwa barafu ya bandia. Nimeitaja habari hii kwa sababu moja. Yaonyesha jinsi watazamaji wapendavyo kumwona mwenye majivuno akimezwa na maji, hata kama hakumezwa.

Mzigo wa kweli ulikuja na chuma cha reli. Vita baina ya Urusi na Japani vilipoanza mwezi wa Februari 1904, reli ya Siberia ilikuwa bado imekatika kwenye Ziwa Baikal, kwani sehemu ya kulizunguka ziwa ilikuwa haijakamilika. Wakati wa kiangazi treni zilivushwa kwa meli iliyoitwa Baikal, iliyoundwa Uingereza kwa kazi ya kuvunja barafu. Lakini katikati ya majira ya baridi barafu iliishinda. Waziri wa mawasiliano, Mwanamfalme Mikhail Khilkov, akaamuru reli zitandikwe juu ya ziwa lenyewe, mwendo wa kilomita 40 na zaidi. Injini ya kwanza iliyojaribiwa ilitumbukia. Baada ya hapo injini zilifunguliwa vipande vipande, zikavutwa kwa farasi pamoja na mabehewa, na ng'ambo zikaungwa tena. Kwa njia hiyo zilivushwa injini zaidi ya 60 na mabehewa zaidi ya 2,000. Sijaona popote Khilkov akiitwa mpumbavu kwa ajili ya injini ile moja. Labda ni kwa kuwa alikuwa waziri. Labda ni kwa kuwa vita ilimngoja ng'ambo.

Lakini ziwa ambalo halina budi kutajwa na kila aandikaye juu ya jambo hili ni Ladoga. Tarehe 8 Septemba 1941 majeshi ya Ujerumani yalikamilisha kuuzingira kwa nchi kavu mji wa Leningrad, ambao leo umerudia jina lake la St. Petersburg. Ndani yake walikuwamo raia kama milioni mbili na nusu. Tangu tarehe 20 Novemba mwaka ule posho ya mkate ilishushwa hata gramu 250 kwa siku kwa mfanyakazi wa kiwandani, na gramu 125 kwa watoto, wazee na wengineo. Nao mkate ule haukuwa wa unga mtupu. Njia pekee iliyobaki ilikuwa ziwa, na ziwa lilikuwa linaanza kuganda.

Kwanza walitumwa farasi na magari ya kuburuta. Tarehe 22 Novemba msafara wa kwanza wa malori, yapata 60, ukashuka juu ya barafu, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Barafu ilikuwa bado nyembamba, kwa hiyo kila lori lilichukua magunia machache tu, na malori yaliachana kwa nafasi kubwa ili yasilemee mahali pamoja. Madereva waliendesha milango ikiwa wazi, au waliing'oa kabisa, wapate kuruka barafu ikipasuka. Usiku walisimama waongozaji njiani na taa, wengi wao wanawake, katika baridi ambayo sisi hatuna kipimo chake. Yasimuliwa kwamba baadhi ya madereva walitundika sufuria yenye vyuma nyuma ya kichwa, ili igongegonge na kuwazuia wasisinzie, maana wengi walikwenda safari mbili au zaidi kwa siku. Ndege za adui zilipiga barafu kwa mabomu, na matundu yaliganda juu juu yakawa mitego.

Malori mengi yalizama. Na hapa pana jambo lililowatatiza wakuu wa njia ile: mara nyingine lori lenye mzigo mzito lilipita salama, kisha lori jepesi likazama papo hapo. Wanafizikia wa Leningrad, wenyewe wakiwa na njaa, wakatengeneza chombo cha kuandika jinsi barafu inavyobonyea na kuinuka. Wakagundua kwamba lori likipita, husukuma wimbi la maji chini ya barafu, kama vile jahazi lisukumavyo wimbi mbele yake. Mwendo wa lori ukilingana na mwendo wa wimbi, kwenye Ladoga ikiwa yapata kilomita 35 kwa saa, wimbi hujikusanya chini ya magurudumu, na barafu huvunjika kwa mzigo ambao ingeuchukua bila taabu lori lingekwenda polepole. Malori mepesi yalizama kwa kuwa yalikimbia. Basi madereva wakapewa amri juu ya mwendo na juu ya nafasi baina yao. Nikiwaeleza wanafunzi habari hii hunyamaza kimya, maana mvuvi ajua wimbi ni nini, hata kama hajawahi kuiona barafu.

Njia ile ilifungwa tarehe 24 Aprili 1942, magurudumu yakiwa yanapita majini juu ya barafu iliyoanza kuyeyuka. Katika majira hayo ya baridi ya kwanza ilikuwa imepitisha zaidi ya tani 360,000 za shehena, na watu zaidi ya nusu milioni walitolewa mjini. Mamia ya maelfu walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa, na mazingira yenyewe hayakuvunjwa kabisa hata tarehe 27 Januari 1944. Warusi waliipa jina la Njia ya Uhai. Ufukweni ambapo malori yalishuka, mwaka 1966 ilisimamishwa sanamu ya Konstantin Simun: matao mawili makubwa yasiyokutana juu, mfano wa pete iliyovunjika, na chini yake alama za magurudumu zilizopigwa katika saruji zikielekea majini.

Malori mengi ya Ladoga yalikuwa ya aina ya GAZ-AA, ya kuchukua tani moja na nusu. Hayo yalitengenezwa Gorky kwa mfano wa lori la Ford, kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1929 na kampuni ile ya Michigan. Na Michigan ni nchi ya maziwa yagandayo. Wakati dereva wa Leningrad alipokuwa akisikiliza barafu ikilia chini yake, mkulima wa Michigan au Minnesota huenda alikuwa juu ya ziwa lake kwa chombo kilichozaliwa katika ukoo ule ule, akienda kutafuta samaki wa kitoweo.

Kuvua juu ya barafu hakukuanza na wakulima hao. Waojibwe na jamaa zao wa maziwa makuu ya Marekani ya Kaskazini walikuwa, tangu zamani sana, wakitoboa tundu, wakilala kifudifudi chini ya blanketi ili mwanga usiwazuie kuona ndani, na kumshawishi samaki kwa samaki wa mti aliyechongwa, kisha kumchoma kwa mkuki. Walowezi wakajifunza, wakaongeza kibanda cha mbao na jiko la kuni. Halafu gari likaja. Gari la Ford aina ya Model T halikufikia kilo 800, na mtu wa New Hampshire aitwaye Virgil White alipata hataza mwaka 1917 ya kuligeuza liende juu ya theluji kwa kulifunga mbao za kuteleza mbele na minyororo nyuma. Kwa chombo chepesi namna ile, ziwa lilikuwa barabara iliyo bora kuliko barabara: limenyooka, halina matope, na serikali hailitozi ushuru.

Watu wakazoea. Neno hilo, kuzoea, ndilo ninaloliona kuwa kiini cha ajali nyingi. Kwenye Ziwa Mille Lacs la Minnesota huzuka kila majira ya baridi miji ya vibanda, maelfu kwa maelfu, na wenye nyumba za wageni husafisha njia juu ya barafu, huweka madaraja penye nyufa, na hutoza ada ya kupita. Kwenye Ziwa Winnebago la Wisconsin, ambako kila Februari watu huvua samaki mkubwa aitwaye stajoni kwa mkuki, vyama vya wenyeji hutia alama njia zao kwa miti ya Krismasi iliyokwisha kutupwa. Mtoto huvuka ziwa akiwa amepakatwa na babu yake, na babu alivuka akiwa amepakatwa na wake. Ila siku hizi gari si lile la kilo 800. Ni pikapu ya tani mbili au tatu, na nyuma yake lavuta nyumba nzima ya magurudumu yenye vitanda, jiko na televisheni. Desturi imebaki ile ile, na mzigo umekuwa mara tano au sita.

Hapa niwaombe radhi nirudi kidogo kwenye lugha, maana nimeona Kiswahili kina utajiri ambao wanafunzi wetu hawautumii. Wao huandika kuzama kwa kila kitu. Lakini gari likimbialo, likavunja barafu ghafula kama malori ya Ladoga, hilo hutumbukia. Gari lililoegeshwa mahali pamoja kwa saa nyingi, nayo barafu ikawa inabonyea polepole chini yake mpaka maji yakapanda kwenye magurudumu, hilo hudidimia. Likifika chini ndipo tuseme limezama. Na kulitoa huko si kulivuta tu, bali ni kuliopoa: mpiga mbizi hushuka na mnyororo, barafu hukatwa mfereji, mihimili husimamishwa juu ya mbao ndefu zinazotawanya uzito, na gari hupandishwa kidogo kidogo. Wapo mafundi ambao hiyo ndiyo kazi yao ya majira ya baridi. Minnesota humpa mwenye gari siku 30 aliondoe, maana mafuta yake hutia sumu majini, na bima za kawaida za kugharimia hasara za watu wengine hazimlipi yeye kitu.

Mfano ulio wazi wa kudidimia ulitokea tarehe 6 Februari 2016 katika mji wa Lake Geneva, Wisconsin. Palikuwa na sherehe ya majira ya baridi, pamoja na mashindano ya kitaifa ya kuchonga sanamu za theluji. Wageni walikuwa wengi, nafasi mjini haikutosha, na watu wakaegesha magari juu ya ziwa, mistari kwa mistari, moja ubavuni mwa jingine. Kila mwenye gari alitazama mwenziwe aliyetangulia akaona ni salama, bila kufikiri kwamba kila aliyemfuata aliongeza uzito ule ule mahali pale pale. Mchana magari zaidi ya kumi yakaanza kudidimia. Picha zake zilienea duniani kwa saa chache, na dunia ikacheka. Sikushangaa, kwa kuwa darasa langu nalo lingecheka. Lakini niliyaangalia maneno ya watu, nikaona yalikuwa ya makundi mawili tu. Wa mbali walisema hawa ni wajinga. Wa karibu waliuliza: barafu ilikuwa na unene gani, na maji yatokayo ziwani yapita upande gani?

Hukumu nzito zaidi ilitolewa miaka saba kabla. Tarehe 7 Februari 2009 wavuvi wengi walikuwa wametoka ufukweni mwa Ziwa Erie, katika jimbo la Ohio. Hewa ilikuwa imepata joto, na upepo ulikuwa mkali. Palikuwa na ufa, nao wakautandikia mbao za kubebea mizigo uwe daraja. Kisha upepo ukaisukuma barafu yote ikaachana na nchi kavu, na ufa ukawa mto. Watu 134 waliokolewa kwa helikopta na mashua, na mtu mmoja alikufa. Mkuu wa usalama wa wilaya ile alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema wazi kwamba lililofanywa siku ile lilikuwa upumbavu.

Nimelifikiri sana neno lile. Siwezi kusema alikosa haki yote. Waokoaji nao wana watoto, na mtu atandikaye mbao juu ya ufa ameuona ufa. Hawezi kudai kwamba hakujua. Hata hivyo, maiti ilikuwa bado haijazikwa. Tena daraja la mbao juu ya ufa si wazimu wa siku ile. Ni desturi ya maziwa hayo, na kwingineko watu hulipa ada wapate kulipita. Tofauti iliyokuwapo ilikuwa upepo, na upepo ndio waliopaswa kuulizwa habari zake. Angalisema kwamba hawakuutazama upepo, angalikuwa amewafundisha wale watakaokwenda kesho. Neno upumbavu halimfundishi mtu, maana hakuna mvuvi hata mmoja aendaye ziwani asubuhi akijihesabu kuwa miongoni mwa wapumbavu. Na kweli hawakufundishika: tarehe 28 Novemba 2022 watu kama 200 walikwama juu ya barafu iliyokatika kwenye Ziwa Upper Red la Minnesota, na mwishoni mwa Desemba 2023, ziwa lile lile, wengine zaidi ya 100. Huko Sakhalin, mashariki ya mbali ya Urusi, wavuvi huchukuliwa na barafu mara kwa mara. Januari 2020 walikuwa mamia kwa siku moja.

Wenyeji wenyewe wana namna nyingine ya kulipokea jambo hili, nayo ni mchezo. Huko Nenana, Alaska, tangu mwaka 1917 watu hubahatisha siku, saa na dakika ambayo barafu ya mto Tanana itavunjika. Wahandisi wa reli ndio walioanza, wakachanga dola 800. Nguzo husimikwa juu ya barafu na kuunganishwa na saa kwa kamba. Nguzo ikisogea, saa husimama. Katika mji wa Iron Mountain, Michigan, chama cha Rotary kimewahi kufanya hivyo kwa gari kuukuu lililotolewa injini na mafuta: huwekwa juu ya maji yaliyoganda, watu hununua tiketi, na atakayekisia siku ya kutumbukia hupata zawadi, na fedha nyingine huenda kwenye misaada. Kicheko hicho ni cha watu wanaojua kwamba gari lile lingeweza kuwa lao.

Daftari la Nenana, lililoanza kwa kamari, limekuwa hazina ya wataalamu wa tabia ya nchi, na lasema kwamba siku ya kuvunjika imesogea mapema. Mwaka 2020 Sapna Sharma wa Chuo Kikuu cha York, Kanada, na wenzake walichapa uchunguzi wa vifo vya kuzama wakati wa baridi katika nchi kumi, na wakaona kwamba vifo huzidi pale majira ya baridi yanapokuwa na joto lililokaribia nyuzi sifuri. Baridi kali huua watu wachache kwa njia hii kuliko baridi hafifu, kwa sababu baridi hafifu huliacha ziwa likiwa na sura ile ile ya siku zote, huku nguvu zake zimekwisha. Yule babu aliyempakata mjukuu wake alikuwa na elimu ya kweli, na kwa ziwa alilolijua yeye elimu yake ilikuwa sahihi. Ziwa lenyewe ndilo lililobadilika.

Mwezi wa Januari 2024 mashindano makubwa ya kuvua juu ya barafu yanayofanywa Brainerd, Minnesota, na ambayo huwakusanya maelfu ya watu kwenye ghuba moja ya Ziwa Gull, yalifutwa kwa kuwa barafu haikutosha. Nilizipeleka darasani habari hizo pia. Nikawaambia wanafunzi waandike sentensi tano, bila kutumia neno kuzama zaidi ya mara moja. Yule msichana aliyesema mwenye gari asisaidiwe aliandika nne tu. Ya nne ilikuwa hii: "Mwaka ule maziwa ya Minnesota hayakuganda vema, na wavuvi walisimama ufukweni wakiyatazama." Nikamwuliza ya tano iko wapi. Akanijibu kwamba bado anafikiri wale wavuvi walikwenda wapi baada ya pale.